Mbao za Horohoro, karatasi za bandarini: Tanzania na Kenya zinavyolinganishwa kwa takwimu

Semi iliyopakia mbao za paina kutoka Mafinga ikishaipita Amboni, imebakiza safari fupi tu. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita kama 65. Upande huu wa mpaka mzigo ule unaandikwa kuwa mauzo ya nje ya Tanzania, na upande wa Lungalunga unaandikwa kuwa bidhaa iliyoingizwa Kenya. Mbao ni zilezile na turubai ni lilelile. Mtu akiweka takwimu za Kenya na za Tanzania sambamba bila kuikumbuka semi hiyo, ataandika kwamba Kenya inategemea mbao za nje na Tanzania haizihitaji, atachora mistari yake miwili, na sababu ya mistari hiyo kuachana itakuwa imempita.

Ndiyo maana hatuipendi jumla. Jumla ya uagizaji wa "mbao na karatasi" kwa dola, mwaka hadi mwaka, ni rahisi kupatikana na haielezi mengi. Kinachoeleza ni hatua ambayo bidhaa imefikia inapovuka mpaka: gogo, ubao, plaiwudi, rojo ya kutengenezea karatasi, roli, au daftari lililokwisha kupigiwa mistari. Nchi inayonunua roli na nchi inayonunua daftari zinaweza kutumia dola sawasawa, lakini moja ina mashine na wafanyakazi nyuma ya roli hilo, na nyingine ina duka.

Tuanze na namba za forodha. Katika mfumo wa HS, yaani mpangilio wa kimataifa wa kuzipa bidhaa namba za forodha, ambao Tanzania na Kenya zote zinautumia, mbao na vitu vya mbao viko sura ya 44, rojo na karatasi chakavu sura ya 47, karatasi na vitu vya karatasi sura ya 48, na vitu vilivyochapwa sura ya 49. Wengi huishia hapo, kwenye tarakimu mbili. Ni kosa. Shuka hadi tarakimu nne. 4403 ni magogo. 4407 ni mbao zilizopasuliwa zenye unene unaozidi milimita 6, na 4408 ni vinia, yaani milimita 6 kushuka chini. 4410 ni chipbodi, 4411 ni MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na hadibodi, 4412 ni plaiwudi, 4418 ni milango na fremu. Upande wa karatasi, 4801 ni karatasi ya magazeti, 4802 ndiyo ya kuandikia na kuchapia, 4804 ni krafti, yaani karatasi ngumu ya kaki, isiyopakwa kitu juu, 4810 ni ile ya kung'aa, 4818 ni tishu na karatasi ya chooni, 4819 ni maboksi na mifuko, 4820 ni madaftari na rejista. Rojo ya krafti iko 4703 na karatasi chakavu 4707.

Kuna vitu ambavyo mtu angedhani vimo humo na havimo. Samani za mbao ziko sura ya 94, hivyo kitanda kilichotoka nje hakionekani kwenye sura ya 44. Viberiti viko 36, penseli 96, mashua 89. Mkonge, kwa sisi wa Tanga, uko sura ya 53 pamoja na nyuzi nyingine, ingawa rojo yake hutengeneza karatasi imara kabisa. Mkonge ukishasagwa ukawa rojo ndipo unapohamia 4706. Mkaa umo, kwenye 4402, lakini mkaa mwingi hauoni dirisha la forodha, kwa hiyo usijenge hoja yoyote juu ya mstari huo.

Mfano mzuri wa hatua ya bidhaa ni mfuko wa saruji. Pale Pongwe, kilomita chache kutoka mjini, kuna kiwanda cha saruji, na saruji iliyofungwa kwenye karatasi inahitaji krafti ngumu yenye tabaka zaidi ya moja. Ikiwa mifuko inatoka nje ikiwa imeshashonwa au kugundishwa, itaandikwa 4819. Yakiletwa maroli na mifuko ikatengenezwa nchini, tutayaona kwenye 4804. Na kiwanda kikihamia mifuko ya plastiki iliyofumwa, mstari wa karatasi unashuka ingawa saruji imeongezeka. Mtu anayetazama sura ya 48 peke yake ataona kupanda au kushuka na kudhani uchumi umetikisika, kumbe kiwanda kimebadili namna ya kufunga mzigo.

Sasa mbao. Mstari wa Kenya hauwezi kusomeka bila amri za misitu. Mwaka 1999 serikali ya Kenya ilizuia uvunaji katika mashamba ya miti ya serikali, na kampuni chache kubwa ziliachwa ziendelee. Zuio hilo lilidumu zaidi ya muongo. Halafu Februari 2018, aliyekuwa Naibu Rais William Ruto alitangaza kusimamishwa kwa uvunaji kwa siku 90. Siku hizo ziliongezwa tena na tena hadi zikawa miaka. Julai 2023, akiwa Rais, alitangaza kuliondoa zuio, na jambo hilo likafika mahakamani. Waashi wa Mombasa na Nairobi hawakuacha kupaua nyumba kwa kusubiri amri. Walinunua mbao za Tanzania, na mbao ngumu za Kongo zilizopitia Uganda.

Hapa pana jambo dogo linaloharibu majedwali mengi. Mbao za Kongo zikivuka Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, zinaweza kuandikwa nchi ya asili Kongo, au zikaandikwa Uganda kwa kuwa ndiko zilikotokea mara ya mwisho. Safu ya "nchi inakotoka" inaposema Uganda, usikimbilie kusema misitu ya Uganda imekatwa. Linganisha na kile Uganda yenyewe ilichoandika kuwa imeuza.

Upande wa Tanzania, sababu ya kutoagiza mbao za paina ni Sao Hill. Shamba hilo la Mufindi ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na lilipanuliwa sana miaka ya 1970. Mkoani kwetu yapo Shume na Magamba kule Lushoto, na misaji ya Longuza kule Muheza. Juu ya hayo, wakulima wa Njombe na Iringa wamepanda miti kwenye maelfu ya mashamba madogo, na mashine za kupasulia za kuhamahama, zile wanazoziita dingidongi, zinafuata miti shambani. Hasara yake ni kubwa: msumeno mnene unakula mti, na karibu theluthi mbili ya gogo hubaki magome, vipande na pumba. Hilo halionekani kwenye takwimu za biashara. Kenya ikinunua mita moja ya ujazo ya ubao wa namna hiyo, kilichokatwa Mufindi ni kama mita tatu za gogo. Hili lapasa kusemwa waziwazi: nchi inayozuia msumeno kwake na kununua mbao kwa jirani haijapunguza ukataji, imeuhamisha.

Kile Tanzania inachoagiza kwa wingi kwenye sura ya 44 ni mbao za kiwandani: MDF, chipbodi, plaiwudi, na sehemu kubwa hutoka China. Viwanda vya vinia na plaiwudi vimeongezeka Mafinga, kwa hiyo 4408 na 4412 ndizo namba za kufuatilia kwa upande wetu. 4407 ni ya upande wa Kenya. Kuzijumlisha ni kuchanganya mchele na kunde kisha kuuliza bei ya kilo.

Karatasi ni habari nyingine kabisa, na ndiyo kubwa. Kwa nchi zote mbili sura ya 48 inaipita sura ya 44 kwa mbali kwa thamani. Na hapa kinachoamua ni viwanda viwili vilivyojengwa enzi za serikali kumiliki.

Cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilianza kuzalisha mwaka 1974. Kilitengeneza rojo na karatasi yake chenyewe, na kwa miaka mingi Kenya ilikuwa ndiyo nchi ya Afrika Mashariki yenye kiwanda cha kuaminika. Mwaka 2009 kilifungwa. Jaribio la kukifufua halikudumu, kikauzwa mwaka 2016 kwa familia ya Rai. Cha Mgololo, Southern Paper Mills, kilianza katikati ya miaka ya 1980 ndani ya misitu ya Mufindi, kikasuasua, kikabinafsishwa, na leo ni Mufindi Paper Mills, nacho kikiwa chini ya familia hiyohiyo. Bidhaa yake kuu ni krafti, na huuzwa Kenya pia.

Kwa hiyo ukichora 4804 ya Kenya kuanzia mwaka 2000, weka alama ya wima kwenye 2009. Kila kinachotokea baada ya hapo kisomwe kwa kujua kwamba nchi imepoteza kiwanda chake kikubwa cha rojo na krafti, na kwamba sehemu ya kilichoziba pengo kinatoka Iringa. Kwenye jedwali la kawaida hilo linaonekana kama "Kenya inakua, mahitaji ya karatasi yanapanda." Mahitaji yalipanda, ni kweli. Lakini karatasi ile ambayo jana ilikuwa inatoka Webuye bila kugusa forodha, leo inapita forodha na inahesabiwa. Takwimu za uagizaji hazioni kilichotengenezwa nyumbani, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza.

Sababu nyingine inayoinua mstari wa Kenya ni mauzo yake ya nje. Chai inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa hufungwa kwenye mifuko ya karatasi yenye tabaka kadhaa. Maua ya Naivasha husafiri kwenye maboksi, na parachichi vilevile. Kila kilo ya vitu hivyo inayotoka imevaa karatasi, na sehemu ya karatasi hiyo iliingizwa kwanza. Mazao ya Tanzania mengi hayahitaji hivyo: mkonge hufungwa marobota kwa kamba zake wenyewe, korosho na kahawa hutumia magunia. Tumbaku ndiyo inayokula katoni. Ukigawanya karatasi ya Kenya kwa idadi ya Wakenya ukasema "Mkenya anatumia karatasi nyingi kuliko Mtanzania", umemhesabia Mkenya mfuko wa chai unaochanwa Karachi.

Shule nazo zina alama zake. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi kuanzia mwaka wa masomo 2002, Kenya ikafuata Januari 2003, na mwaka 2016 Tanzania ikaondoa ada hadi kidato cha nne. Angalia 4802 na 4820 baada ya miaka hiyo. Kama 4802 inapanda na 4820 imetulia, maana yake karatasi inaingia kwa maroli na madaftari yanatengenezwa nchini. Kama ni kinyume chake, tumeagiza madaftari yenyewe.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Wengi walitegemea mifuko ya kaki ilipuke kwenye takwimu. Tahadhari: mifuko mingi iliyochukua nafasi hiyo ni ile laini isiyofumwa, na hiyo haimo kabisa kwenye sura ya 48.

Sura ya 49 tuipite haraka. Ina vurugu. Karatasi za kura za Kenya zilichapwa Dubai mwaka 2017 na Ugiriki mwaka 2022, kwa hiyo mwaka wa uchaguzi unaweza kuleta kichuguu kisichohusiana na usomaji wa vitabu. Noti ambazo hazijaanza kutumika ziko 4907. Toa 4907, tazama 4901 peke yake ambayo ni vitabu, na mengine yaache.

Sasa namna ya kulijenga jedwali lenyewe. Chanzo kinachotumiwa zaidi ni hifadhi ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa, ambako Kenya ina namba 404 na Tanzania 834. Chagua toleo moja la HS kwa miaka yote. Toleo la 1996 linatosha, kwa sababu takwimu za matoleo mapya hugeuzwa kurudi nyuma. Ukiacha kila mwaka uje na toleo lake, utakutana na mapengo yasiyo ya kweli. 4411 ndiyo mfano unaouma: kabla ya toleo la 2007 mbao hizo ziligawanywa kwa uzito wa ujazo wake. Tangu hapo MDF imegawanywa kwa unene, hadi milimita 5, kutoka 5 hadi 9, na zaidi ya 9. Mtu anayefuatilia tarakimu sita bila kujua hilo ataona bidhaa imekufa mwaka mmoja na nyingine imezaliwa.

Chukua thamani na uzito, vyote viwili. Halafu gawanya thamani kwa kilo kabla ya kufanya chochote kingine. Hapo makosa yanajitokeza yenyewe. Mbao za paina zikionekana kwa dola 8 kwa kilo, mtu amekosea nukta au ameandika idadi ya vipande mahali pa kilo. Inafaa kuwa na vipimo vichache kichwani. Rimu ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5, kwa hiyo tani ni rimu 400. Shiti la plaiwudi la futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, lina mita za ujazo 0.0536. Kwa mbao yenye kilo 600 kwa mita ya ujazo, shiti hilo linakuja kama kilo 32. Paina iliyokauka ni kama kilo 500 kwa mita ya ujazo, na ikiwa mbichi inaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Ndiyo sababu kwenye 4407 tunapendelea mita za ujazo kuliko kilo: semi ya mbao mbichi na semi ya mbao kavu zina mbao sawa na uzito tofauti. Kwenye karatasi tumia tani bila wasiwasi.

Thamani ya kuingiza huandikwa pamoja na bima na nauli, ya kuuza huandikwa kabla ya hizo. Kwa hiyo Kenya ikisema imenunua mbao za Tanzania kwa kiasi fulani, Tanzania itasema imeuza kwa kiasi kidogo kidogo. Kwa njia ya barabara tofauti hiyo isiwe kubwa. Ikifika mara mbili, tafuta sababu: mzigo ulioandikwa namba nyingine, thamani iliyoshushwa, au mbao zilizopita njia za panya na mashua za kutoka Moa na Jasini kwenda Vanga. Na mwaka 2021, nauli za makontena zilipopaa duniani, thamani ya karatasi iliyoingia ilipanda hata pale ambapo tani hazikuongezeka. Yeyote anayesifu au kulaumu mwaka huo kwa dola peke yake atazame tani kwanza.

Kuna miaka ambayo nchi moja haina takwimu kwenye hifadhi hiyo. Usiunganishe mstari juu ya pengo kama kwamba hakuna kitu. Ziba kwa takwimu za waliouza: jumlisha kile ambacho nchi nyingine zote zimesema zimeiuzia Kenya au Tanzania mwaka huo, na uonyeshe kwa rangi nyingine kwamba ni cha kioo, yaani kimesomwa kutoka upande wa pili. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nayo ina takwimu za mazao ya misitu tangu mwaka 1961, kwa mita za ujazo na tani, nzuri kwa safari ndefu. Lakini kila namba ina alama yake, na nyingine ni makadirio ya FAO wenyewe. Namba inayojirudia ileile miaka minne mfululizo ni ya kunakiliwa. Hakuna soko linalosimama namna hiyo.

Kugawanya kwa watu kuna mtego wa sensa. Kenya ilihesabu watu milioni 38.6 mwaka 2009 na milioni 47.6 mwaka 2019. Tanzania ilihesabu milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022. Miaka haigongani, kwa hiyo kokotoa ya katikati. Ukichukua Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 ukaziweka meza moja, tuseme kila moja imeagiza dola milioni 100, utapata dola 2.10 kwa Mkenya na 1.62 kwa Mtanzania, na sehemu ya tofauti hiyo ni miaka mitatu ya kuzaliana tu. Baada ya hapo chukua wastani wa miaka mitatu mitatu. Kiwanda kimoja kikijaza ghala Desemba, mwaka mmoja unavimba na unaofuata unanywea.

Mzigo wa kupita nao usisahauliwe. Mombasa inahudumia Uganda na Rwanda, Dar es Salaam inahudumia Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Mzigo huo haupaswi kuhesabiwa kwenye uagizaji wa nchi ya bandari, na tangu himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014, kodi ya mzigo wa nchi wanachama hulipwa nchi unakokwenda. Ukiona karatasi ya Tanzania imeruka ghafla huku ya Burundi imeporomoka, uliza kwanza kuhusu makaratasi ya mzigo wa kupita. Kwa upande mwingine, jahazi linalotoka Tanga na mbao kwenda Wete au Mkoani linavuka bahari lakini halivuki mpaka, hivyo nyumba zinazopauliwa Pemba kwa mbao za Lushoto hazimo kwenye hesabu ya yeyote.

Na bandari yetu. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati la Tanga, mzigo ukashushwa kwa matishari. Roli la karatasi halipendi safari hiyo. Kila linapoinuliwa, kingo zake hugongwa, na ukingo uliopondeka huchana karatasi mashineni hadi tabaka za juu zikatwe na kutupwa. Tone la maji ya chumvi likipenya kifungashio, upande mzima unavimba. Ndiyo maana mwenye roli alikuwa na kila sababu ya kupitia Dar es Salaam au Mombasa. Sasa gati la mita 450 limeimarishwa na kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, meli inafunga kamba ukutani. Takwimu ya taifa haitaonyesha mabadiliko yoyote hata roli zote za kaskazini zikihamia hapa, kwa sababu kwa taifa ni karatasi ileile. Itaonekana kwenye safu ya kituo cha forodha tu. Anayetaka kuona aombe takwimu za kituo, mwezi kwa mwezi, na aanze na 4804 na 4802, kwa tani.